Nani Atakaa Kwenye Kile Kiti

2 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Hujambo, na shule yako je? Mimi na mama wazima, ila roho yangu iko juu. Nimefeli tena mtihani wa Kiingereza wa kazini. Hospitali imenipa nafasi ya mwisho, tarehe 29 asubuhi. Nikianguka natolewa wodi ya wazazi, mimi nisiyejua kazi nyingine ila kupokea watoto.

Dada, wasimamizi ni wageni, hawanijui. Wanaangalia kitambulisho tu, na ile picha hata mama aliuliza ni ya nani kati yetu. Wewe unafundisha Kiingereza kila siku. Njoo unifanyie. Usinikatalie, maji yamenifika shingoni.

Mdogo wako

7 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mafua yameniachia, namshukuru Mungu. Msalimie mama.

Una wazimu? Wakinikamata, ualimu wangu umekwisha, na wewe unafukuzwa siku hiyo hiyo. Sikai kwenye kile kiti cha mtihani, ng'o!

Kaa chini tujifunze. Ukimwambia daktari kwa Kiingereza "mama alipofika wodini" halafu ukanyamaza, si atakukodolea macho? Hicho ni kishazi tegemezi. Mpe kilichobaki: "alikuwa anatokwa damu." Hicho ni kishazi huru, kinasimama chenyewe. Viweke pamoja, umepata sentensi changamano. Viwili vilivyo huru ukiviunga kwa "and" au "but", hiyo ni ambatano. Kimoja peke yake ni sentensi sahili. Niandikie za kila aina, kuhusu wagonjwa wako.

Dada yako

13 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, kama unajali.

Ninazama, unaniletea vishazi! Natoka zamu miguu imevimba, nafungua daftari, herufi zinacheza. Sentensi zako hizi hapa, nimeziambatisha ili usiseme mimi mvivu. Ungekuwa wewe unazama, mimi ningejitosa bila kuuliza kina.

Mdogo wako

18 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole na miguu. Iweke kwenye maji ya chumvi.

Sentensi sahili umezipata zote. Lakini unaanza na "because", unaweka nukta, halafu unakwenda zako! Kwa sababu ya nini? Nani alifanya nini? Malizia, mama wee, msomaji umemwacha mlangoni. Andika nyingine unitumie haraka.

Na hayo maneno ya kujitosa yameniuma. Nilitaka ujue.

Dada yako

25 Machi

Mdogo wangu,

U mzima? Hujibu barua, simu hupokei. Mama ameniambia huli, unakaa tu unaangalia ukuta.

Basi, umenishinda. Nitafika tarehe 28 jioni. Niwekee sare yako na kitambulisho. Usimwambie mtu. Naogopa, mwenzio, hata chaki darasani inanidondoka, lakini siwezi kukuona unaangamia nami nimekunja mikono. Heri lawama.

Dada yako

29 Machi, asubuhi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini umelala vizuri, maana ulikoroma mpaka nikacheka.

Usigonge mlango. Nimekufungia kwa nje. Ufunguo anao mama, na nimemwapisha asikufungulie mpaka nirudi, kwa hiyo usimbembeleze. Chai iko kwenye chupa.

Jana ulipokuwa unaijaribu sare yangu, vifungo vilikushinda kwa kutetemeka. Ukaniambia, "Ni baridi tu." Baridi gani, dada, na dirisha limefungwa? Nilitoka nje nikalia. Miaka yote ile uliyosomea, nami nakuvuta uje uitupe kwa ajili yangu!

Mama alikwambia naangalia ukuta. Ni kweli, nilibandika sentensi zako pale. Nilikuwa na hasira na wewe, ndiyo maana sikukuandikia, lakini kila nikitoka zamu nilizisoma. Nyingine nimezielewa. Nyingine bado zinanizunguka, sitakudanganya.

Nimevaa sare, kitambulisho ninacho. Ninaingia mwenyewe.

Nikifeli, nitataka mtu wa kulia naye, na mama atanihubiria tu. Tafadhali usiondoke.

Mdogo wako