Dokta wa Bomba

Jumatatu, 14 Januari
Mkutano wa kamati ya maji. Mwenyekiti wetu Belarmino kaja na tai shingoni. Tai! Kwenye matope ya vitunguu! Kisa kasoma uhasibu mjini miezi mitatu. Basi wote: siku njema dokta, tafadhali dokta, mama watoto hajambo dokta? Huku mkoani Boyacá tai ndiyo cheti: ukiivaa, unaitwa dokta. Zamu yangu nikasema, "Wee Belarmino, udokta wako wa nini? Wa kuhasi nguruwe niliokufundisha mimi?" Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akanijibu kwa upole: Mungu akubariki, don Misael. Upole wa nyoka.

Jumatano, 16 Januari
Bomba kavu. Langu peke yake! Kamati inasema eti matengenezo. Jirani anamwagilia mpaka njia imefurika. Mimi nimwagilie kwa mate?

Ijumaa, 18 Januari
Vitunguu vimelala kama walevi wa Jumapili. Wiki nyingine hivi, hakuna mavuno. Herlinda kachota ziwani ndoo kumi na moja, mgongo umegoma. Miaka arobaini na miwili mke wangu ananiita sumercé, heshima ya kwetu, hata akinitukana: "Sumercé ni punda." Leo kasema, "Kumwita dokta tu. Kutakung'oa meno, wewe?"
Wewe! Kama anafukuza mbwa. Kaniwekea supu ya viazi, hata mlo mwema hakunitakia. Nimekula.

Jumapili, 20 Januari
Nimejaribu mbele ya ng'ombe. "Siku njema, dok—" Nikatema. Ng'ombe kanigeuzia matako.

Jumatatu, 21 Januari
Ofisi ya kamati. Naandika kwenye foleni, nyuma ya fomu ya kuomba maji. Belarmino yuko dirishani, tai ina doa la yai. Kila mtu anavua kofia, anaulizwa afya ya wazazi, ya watoto, ya kuku. Mimi nilipofika nikasukuma fomu, kofia kichwani, bila salamu. Akanirudishia, akapaza sauti: asiyejua kusalimia arudi mwisho, akajifunze kwa wenzake. Watu wakacheka. Walewale wa ukumbini!
Nimerudi mwisho. Mbwa huyu Belarmino. Herlinda yuko nje, kakaa juu ya ndoo, haniangalii.
Amebaki doña Pastora tu mbele yangu, na salamu zake ndefu. Ninalo tusi tayari, tamu, nimelinoa hapa hapa. Nitalisema mbele ya wote.
Pastora kamaliza. Belarmino ananitazama, anangoja.
Kofia iko mkononi mwangu. Nani kaivua?