Unga si Salfa

Mume mwenzangu Hamisi,

Huku Mbekenyera mikorosho imechanua, na mke wetu, yaani bibi yako, hajambo, hasa ulimi.

Umeuliza kama ule unga wa virutubisho ulionitumia unanifaa na saratani hii ya utumbo. Unanifaa, ila nusura uniponze. Baada ya dripu ya pili ya dawa ya saratani chakula kilikuwa kichungu, suruali inanivuka. Nikakoroga unga wako kwenye uji, nguvu zikarudi. Nikatangaza, "Dripu basi! Nimepona kwa unga wa Hamisi."

Bibi yako akaniuliza, "Mzee, mkorosho ukishikwa na ugonjwa wa ubwiriunga, unautilia samadi?"

"Wewe nawe! Unaupulizia dawa, salfa."

"Na samadi?"

"Ya kuupa nguvu tu."

"Haya, panda bodaboda."

Nikapanda, nimenuna. Hospitali muuguzi alilisoma kopo la unga wako, akasema niendelee nalo pamoja na chakula na dripu, na lolote jipya nimwonyeshe kwanza.

Dripu zimekwisha, alhamdulillahi. Ahsante sana, bwana. Jana nimemaliza ugali, nikaomba kuongezewa. Bibi yako alinipa mgongo akipakua, mabega yanamtikisika. Kama alicheka au alilia, sikumuuliza.

Babu yako, Nachingwea hadi Ruangwa hakuna mlafi kama mimi.