Redio Haina Kadi, Mke Anasema Inaimba

Tarehe kumi na tisa, mwezi wa nane. Leo nimetimiza mwaka mmoja na miezi saba tangu niondoke nyumbani.

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama utacheka basi ucheke, lakini ukimaliza unijibu, maana hapa nilipo kila ninayemuuliza anacheka halafu anarudi kwenye kazi yake.

Mimi ni kibarua, nabeba zege kwenye jengo ambalo sasa limefika ghorofa ya saba, na shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo nikiandika vibaya unisamehe. Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea barazani kwetu, anaishi na mama yangu mzazi na hawajawahi kugombana, jambo ambalo nikilisema hapa kazini hakuna anayeliamini. Nilipokuwa nyumbani nilikuwa na tabia ya kuimba huku nikichomelea sufuria au kurekebisha mlango, siimbi vizuri, lakini yeye alikuwa akishona huku ananisahihisha, na siku zilikuwa zinakwenda. Sasa miezi michache iliyopita akaniambia kwenye simu, "Nyumba imekuwa kimya, nasikia cherehani tu, mpaka cherehani yenyewe nimeichoka."

Kauli hiyo ilinikaa moyoni. Siku ya mapumziko nikaenda kwa fundi wa redio, kibanda chake kinatazamana na stoo ya saruji, nikamwambia nataka ile redio ndogo ya kushika mkononi inayopiga nyimbo kutoka kwenye kadi. Akanionyesha mpya ndani ya boksi lake, akataja bei, nikairudisha polepole kama mtu aliyeshika yai la jirani. Akanionyesha nyingine iliyoanguka kwenye maji, akasema hiyo ananipa karibu na bure nikinunua betri, nikamwambia mke wangu hataki betri, anataka nyimbo. Mwisho akatoa moja iliyokwisha kutumika, kioo kina ufa, kifuniko cha betri kimeshikiliwa na utepe mweusi wa fundi umeme.

"Upande wa stesheni umekufa, sikufichi," akasema. "Lakini upande wa kadi, hebu sikiliza mwenyewe."

Akachomeka kadi yake ya majaribio, redio ikaimba kama chiriku mpaka wapita njia wakageuka.

"Na ikifa?" nikamuuliza.

"Ikifa niletee."

"Inakwenda mbali, ni siku tatu njiani."

"Basi haitakufa," akasema.

Nikainunua. Yeye akachomoa kadi yake, mimi nikanunua yangu, nikaipeleka kwa mama mmoja mwenye kompyuta akanijazia nyimbo arobaini, nikazichagua moja moja, wimbo wa kwanza wa kumchekesha mke wangu, wa pili wa kumwamsha akisinzia kwenye cherehani, wa tatu ule tuliokuwa tunauimba tukiwa wachumba. Siku hiyo hiyo nikampigia kumwambia redio inakuja, nikawa namtajia nyimbo kwa mpangilio, mpaka salio likaisha nikiwa nimefika wimbo wa kumi na nane.

Ile kadi ni ndogo kama ukucha, nikaogopa itapotea, nikaitia ndani ya kibati cha mafuta ya kujipaka kilichokuwa kimeisha, nikakifunga vizuri. Kesho yake asubuhi seremala mwenzetu, mtu wa upande wa kwetu, akaja mbio kuniaga kwamba lori limepatikana na linamngoja, nami nikampa redio, nikampa na betri nne mpya, nikamshika mkono, akaondoka, nami nikapanda kazini nimefurahi kama bwana harusi. Kadi nimeisahau. Niliificha vizuri kiasi kwamba nilijifichia hata mimi mwenyewe.

Wiki ya pili mke wangu akanipigia, akasema redio imefika salama, inaimba vizuri ajabu, wateja wakija kuchukua nguo hawataki kuondoka. Nikamuuliza, "Na wimbo wa tatu je?" Akasema, "Huo ndio naurudia, mpaka mama ameushika." Mshauri, wiki ile nilibeba karai la zege kama nimebeba pamba.

Wiki ya tano nikawa natafuta kibati cha kuwekea misumari, nikafungua kile cha mafuta, nikaiona kadi imekaa inanitazama. Tulikuwa chumbani na wenzangu wawili, mfunga nondo mmoja tunayemwita Koleo, na mpaka rangi mtu mzima tunayemwita Babu Brashi.

"Si ulisema redio inaimba?" Koleo akauliza.

"Inaimba mpaka wateja hawaondoki."

"Na kadi ndiyo hiyo mkononi mwako?"

"Ndiyo hii."

Koleo akaigusa kadi kwa kidole. "Ndugu yangu, basi huko kwako nyimbo zimepata mtu wa kuzijaza."

"Koleo, wewe hata paka hujawahi kufuga," Babu Brashi akasema, "halafu unamfundisha mtu mambo ya ndoa."

"Sifundishi, Babu, nahesabu tu. Redio huku, kadi kule, wimbo umetoka wapi?"

"Kadi ndiyo iko huku, redio iko kule. Hata kuhesabu hujui."

Wakaanza kubishana wao, mimi wakaniacha na kadi yangu. Lakini maneno ya Koleo yalikuwa yamekwisha kuingia. Jumapili nilipompigia mke wangu sikusema lolote kuhusu kadi, nikamwambia tu kwa sauti ya kawaida, "Hebu niwashie hiyo redio na mimi nisikie." Akasema betri zimeisha. Nikasema sawa, nitasikia Jumapili ijayo, weka mule mule kwenye wimbo wa tatu.

Jumapili iliyofuata ndiyo hii iliyoniondolea raha. Nikapiga, nikamkumbusha, akasema, "Ngoja niiwashe." Nikasikia minong'ono, nikasikia kiti kinavutwa, kisha wimbo wa tatu ukaanza. Mshauri, maneno yalikuwa yale yale, lakini haukuwa ule niliojaza. Ule wangu una gitaa na ngoma, huu ulikuwa sauti za watu tu na makofi, sauti ya mwanamke juu na sauti nzito ya mwanamume chini. Katikati ya ubeti wa pili yule mwanamume akakohoa, wimbo ukasimama, nikamsikia mama yangu akicheka karibu na simu, kicheko chake nakijua, kisha wimbo ukaendelea kutoka neno lile lile ulipoishia. Ulipokwisha mke wangu akashika simu, anahema kidogo, akasema, "Umesikia? Inaimba vizuri, ila siku hizi inakwamakwama." Nikamwambia nimesikia, nikakata.

Huyo mwanamume ni nani? Nani amempa mke wangu nyimbo hizo nisizozijaza mimi, na kwa nini ananiambia ni zangu? Tangu siku hiyo kazi haiendi, juzi nimemwaga zege kwenye ngazi iliyokwisha kusuguliwa, msimamizi akaniuliza kama nimelewa. Na mimi sina baya nililomfanyia. Kila Jumapili akiniuliza kama nimekula namwambia nimeshiba, akiniuliza nalala wapi namwambia nina chumba na kitanda, kumbe tunalala sita kwenye magodoro yaliyotandikwa chini na siku nyingine nashindia chai, lakini huo si uongo, ni kumpunguzia mwenzangu mawazo. Yeye kwa nini anidanganye?

Nimeandika ujumbe kwenye simu, nimeuandika kwa hasira, unasema, "Mwambie huyo bwana aendelee kukuimbia, mimi sirudi tena." Sijautuma. Koleo anasema niutume. Babu Brashi anasema nimtume binamu yangu akachunguze nyumbani kimya kimya. Nimekwama. Nikiutuma huenda nimevunja nyumba yangu kwa mkono wangu, na nisipoutuma huenda nakaa huku nikijengea watu wengine ghorofa wakati yangu imeshabomoka. Nikae kimya, nimchunguze, au niutume? Kazi ya plasta ikimalizika kama msimamizi alivyotuambia, natarajia kurudi tarehe ishirini na sita mwezi wa kumi na moja, kama bado nina pa kurudi.

Jibu la mshauri

Ufute huo ujumbe. Usisome mstari unaofuata kabla hujaufuta, mimi nangoja.

Umeufuta? Haya, sasa nikupe pole. Mwaka na miezi saba mbali na mkeo si mchezo, na mtu anayebeba karai siku nzima kisha akatumia siku yake ya mapumziko kumchagulia mkewe nyimbo arobaini ni mume mwema. Lakini pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako umeiandika vizuri kuliko ulivyoisoma.

Umeniambia mwimbaji alikohoa, wimbo ukasimama, mama yako akacheka, kisha wimbo ukaendelea kutoka neno lile lile. Ndugu yangu, redio haikohoi. Kadi mbovu ikikwama hutafuna neno moja mara kumi au huruka ubeti mzima. Haingoji mtu asafishe koo. Ulichosikia wewe ni watu wazima wamekaa barazani kwako wanakuimbia kwenye simu, na aliyekuwa anahema kidogo alipoichukua simu ni mkeo, kwa sababu ile sauti ya juu ilikuwa yake. Hukumtambua mkeo akiimba, ukamsikia mwanamume peke yake. Wivu una masikio ya namna hiyo.

Tazama mambo kutoka barazani kwake. Alipelekewa redio iliyotumika, ina ufa na utepe. Akaiwasha, ikakwaruza. Stesheni zimekufa na kadi hamna, na hakuna aliyemwambia kwamba kadi inatakiwa kuwamo, maana wewe ulimtajia nyimbo, hukumtajia kinachozibeba. Yeye angejuaje? Naona kabisa alichodhani, kwamba mume wake ameuziwa mbovu. Na alikuwa amekusikia ukitaja nyimbo mpaka salio likakatika, furaha imekujaa kinywani. Akaamua bora aisifu redio bubu kuliko akuambie umetapeliwa. Ulipodai kuisikia alikupa kisingizio cha betri, na hizo betri umempelekea nne mpya, halafu akawa na wiki nzima ya kufanya mazoezi. Wewe unauliza nani ameingia nyumbani kwako. Mimi nauliza ni wanawake wangapi wangekubali kukaa na mama mkwe wiki nzima wakijifunza kuwa redio.

Huyo mwanamume simjui. Anaweza kuwa jirani, anaweza kuwa mteja aliyekuja kuchukua suruali akaombwa asaidie sauti ya chini. Ninachojua ni kwamba mtu aliyekuja kukuibia mke hakai karibu na mama yako mzazi akaimba huku unamsikiliza kwenye simu. Mwizi gani huyo anayepiga makofi?

Sasa hilo la uongo. Unasema wewe ukimwambia umeshiba na una kitanda huo si uongo, ni kumpunguzia mawazo. Yeye akikwambia redio inaimba, huo ni usaliti. Rafiki yangu, pima kwa kipimo kimoja. Nyinyi wawili mnadanganyana kila Jumapili kwa sababu mnapendana, na mmekuwa hodari, lakini uongo wa namna hiyo una tabia moja mbaya: siku unapogunduliwa haujitambulishi kwamba ulikuja kwa wema. Umeona mwenyewe ulivyokaribia kuvunja nyumba kwa sababu ya kikohozi.

Nani wa kumsikiliza hapo chumbani? Hakuna. Koleo mwache na nondo zake. Babu Brashi amekupa neno moja zuri, lile la paka, na shauri moja baya. Ukimtuma binamu akachunguze, kijiji kizima kitajua mkeo anachunguzwa, na hilo halifutiki kama ujumbe wa simu. Na yule fundi wa redio, ukipita kibandani kwake mwamkie vizuri, hana kosa lolote.

Fanya hivi. Kadi hiyo itoe kwenye kibati leo, ifute mafuta kwa kitambaa kikavu, iweke kwenye bahasha, na andika juu yake kwa herufi kubwa kwamba inachomekwa ubavuni mwa redio, upande wenye rangi ya shaba ukitazama chini au vyovyote fundi atakavyokuonyesha, nenda ukamuulize. Mpe msafiri unayemwamini. Usimpe asubuhi akiwa anakimbilia lori.

Kisha Jumapili mpigie mkeo ukiwa nje, peke yako. Usianze kwa kuuliza. Anza kwa kukiri. Mwambie, "Mke wangu, redio niliyokutumia haiwezi kuimba, kadi yake niliisahau huku." Usiongeze neno. Mwache aelewe mwenyewe. Akishaelewa kwamba hukutapeliwa na yeye hakuwa na haja ya kuimba, atacheka. Naye akimaliza, mwambie unalala wapi na unakula nini, mwambie bila kulia wala kujigamba, maana amekuwa akikubembeleza kwa gharama ya koo lake na anastahili kujua anambembeleza nani. Akigomba, mwache agombe, hiyo ni haki yake. Yote hayo yakiisha, ndipo umuulize yule mwenye kikohozi ni nani, na hapo utakuwa unauliza kwa sababu unataka kumshukuru.