Mama Amesikia "Daruri"

Jumanne. Mvua imenyesha Juba tangu asubuhi, matope hadi mlangoni, na moyo wangu hauna nafuu.

Wani, ndugu yangu mdogo, bado hajarudi. Watu wa usalama walimchukua Jumamosi kwenye kibanda chake cha kuchaji simu kule Gumbo, mchana kweupe, wateja wakiona. Hawakuonyesha hati yoyote. Kosa lake? Alisema mageuzi ya serikali ni kubadilisha kofia tu.

Na mimi nilimbishia! Mimi niliyelelewa Kenya, mbali na mama, Kiswahili ndicho kinachonipa ugali. Sheria mpya ya usalama niliitafsiri mwenyewe, nikawasomea waumini wa kanisa la Kator: mkuu wa usalama hawezi kuamuru mtu akamatwe bila hati ya korti, isipokuwa kwa dharura. Watu walipiga makofi. "Hawezi" nililisoma kwa sauti kubwa. "Isipokuwa" nikalipita haraka.

Leo nimeenda na mama hadi getini kwa hao watu wa usalama. Afisa hakuwa mkali, hata alimpa mama kiti.

"Dada, hii ni dharura," akaniambia.

"Nani amesema?"

"Mkuu."

"Na nani anamwuliza mkuu?"

Akacheka kidogo. "Si yeye ndiye anajua?"

Aki nilitaka kupiga kelele. Sheria nzima, kurasa zote zile, na inaishia kinywani mwa mtu mmoja.

Kiswahili cha mama ni cha kambi za Uganda, kimechanganyika na Kiarabu chetu cha Juba. Afisa alisema dharura, yeye akasikia *daruri*, kitu kinachohitajiwa sana. Tulipokuwa tunarudi akanishika mkono, anatabasamu, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Kumbe mkubwa iko nataka Wani sana! Labda napea yeye kazi."

Sikumsahihisha.

Mtafsiri mzima! Neno ninalo, *tawari*, ndiyo dharura kwa Kiarabu chetu, angelielewa mara moja. Nimelimeza. Naogopa uso wake utakavyobadilika, na sina kitu kingine cha kumpa.

Wewe unayesoma, ungemwambia?

Sasa hivi anapiga pasi shati jeupe la Wani, pasi ya makaa, taratibu, kola kwanza. Anataka nilipeleke getini kesho, mtoto wake asianze kazi akiwa mchafu.

Nitalipeleka. Ameniambia nisilikunje.