Mwandishi wa Pili Amethibitisha

Bigwa,
Morogoro.
16 Juni 2024

Mpendwa Mjomba Kasimiri,

Shikamoo Mjomba. Shikamoo pia kwa mkaza mjomba Magreth, ambaye najua ndiye atakayekutafutia miwani kabla hujafika mstari wa tatu. Mguu unaendeleaje? Yuliana ameniambia umeanza tena kwenda shambani peke yako huko Mpanda, nikasema mzee huyu hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Pumzika kidogo. Tumbaku haitakimbia.

Sisi huku ni wazima, isipokuwa mafua yangu ya kila mwaka. Masika yamekwisha na baridi imeshuka. Milima inaonekana asubuhi kidogo, kisha inafunikwa tena kabla hatujala mchana. Wanafunzi wako kwenye mitihani, kwa hiyo chuo kiko kimya na mimi nina nafasi ya kukuandikia.

Ningekupigia simu, lakini masikio yako siku hizi yanashindana kwa uvivu, na haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyapigia kelele mpaka majirani wayasikie.

Unaikumbuka ile kazi yangu na kaka Anselmi, ya chemchemi za upande wa Kinole? Miaka yote ile tulipanda pamoja kupima maji, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, tukaona jinsi zinavyokauka moja baada ya nyingine. Tulikuwa tunaandika makala ya kutuma kwenye jarida la kisayansi la nje, watu wasome na wajue mji wote huu utakunywa nini kesho. Kaka alipotutoka mwaka jana kwa homa ile ya ghafla, makala ilibaki nusu. Nilikaa muda mrefu sana bila kuifungua.

Nilipoifungua, alikuwamo. Tulizoea kuandika kwenye kompyuta, na kila mtu akiwa na la kusema analiweka pembeni mwa ukurasa, linatokea na jina lake. Pembeni kote palikuwa Anselmi. Sentensi hii imevimba, Winfrida. Hapa unasema kwa uhakika gani wakati tulipima mara moja tu? Kanywe chai kwanza, halafu urudie aya hii. Nilimsikia kabisa na sauti yake ile ya kunichokoza.

Sasa jarida halipokei makala yenye maneno pembeni. Lazima ufanyie kazi kila neno, kisha ulifute. Kwa hiyo narekebisha alichosema, nafuta, jina lake linatoweka, naenda kwa linalofuata. Nilifanya kazi hiyo nikilia kama mjinga. La mwisho kabisa lilisema jedwali hili nisiliguse, atalimalizia yeye. Nimelimalizia mimi.

Mtambo wa jarida unataka anwani ya barua pepe ya kila mwandishi. Usipojaza, haukuruhusu kusonga mbele. Nikajaza ya kaka, ile ile ya zamani, nikijua hakuna wa kuifungua. Sikujua kwamba mtambo wenyewe humwandikia kila mwandishi kumuuliza kama kweli kazi ni yake na anaridhia itumwe.

Basi Jumanne moja asubuhi, jua limewaka vizuri tu, nafungua barua za ofisini nakuta ujumbe wa jarida. Mwandishi wa kwanza amethibitisha. Huyo ni mimi. Mwandishi wa pili amethibitisha. Na jina lake limeandikwa lote.

Mjomba, mimi ni mtu wa vipimo. Nawakaripia vijana kila siku wasiamini wasichokipima. Lakini nilisoma jina lile nikainuka, nikatoka nje mpaka kwenye maegesho. Sijui nilikuwa naogopa kwamba ni yeye, au naogopa kwamba si yeye. Diana, katibu wetu, alidhani sukari imeshuka, akaniletea soda. Nilisali Salamu Maria nimeishika soda ya Diana.

Nikapiga namba yake. Sijaifuta mpaka leo. Ikaita, ikapokelewa, na sauti ya kiume ikasema habari za kazi dada, ile ya jarida nimeiona, nimeikubali.

Alikuwa Eustace. Hapo akili ikanirudia. Ni wewe mwenyewe uliyetoa neno kwa simu kwamba siku ya kumaliza matanga jina lirithiwe na mtoto wa dada yake Yuliana. Tukamkalisha mkekani, tukamvika koti la mjomba wake, tukamkabidhi panga na simu, ambayo kumbe bado inapokea barua pepe za kaka, na tangu siku hiyo ukoo mzima unamwita Anselmi naye anaitika. Fundi wa kuchomelea vyuma pale Mwembesongo anaulizwa na jarida, wewe ndiye Anselmi? Angejibu nini? Kwetu ndiye. Hakumdanganya mtu.

Nilimsimulia Godlisten, mwalimu mwenzangu wa idara moja, akacheka mpaka akavua miwani, akasema Waluguru mtawaachisha wahariri wa watu kazi. Nami nikacheka, maana nilikuwa sijacheka siku nyingi. Kisha akawa na uso wa kazi. Alinieleza kwamba nikinyamaza, na siku moja ikajulikana kuwa makala imethibitishwa kwa jina la mtu aliyekwisha kuzikwa, itafutwa mbele ya watu wote, na jina la Anselmi litachafuka pamoja na langu. Nilijua anasema kweli.

Nikaona siwezi kuliandikia jarida kabla ya kumwambia mama mkubwa Yustina, mama yake Anselmi. Unajua dada yako alivyokuwa, hali chakula, hasemi, amelala anatazama ukuta. Siku Eustace alipopewa jina ndiyo siku aliyoinuka akaomba ugali. Tangu hapo kila Jumamosi Eustace anapanda Kinole, anawekewa kiti kile kile cha kaka na anapikiwa maharage ya nazi, ingawa tumbo lake na maharage havipatani tangu utotoni. Anayala. Mama mkubwa anamuuliza, kama alivyokuwa akimuuliza kaka, wanafunzi hawajambo? Anajibu hawajambo mama. Nimekaa pale nikiwasikiliza. Na kuna wakati anakohoa kama Anselmi kabisa, sijui anaigiza au ni damu yenyewe inakohoa. Natazama pembeni.

Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho akimenya ndizi.

"Mwanangu ameitwa, ameitika," akasema. "Wewe unataka kumzika mara ya pili kwa kalamu?"

Akaendelea kumenya. Nikaaga.

Eustace alinisindikiza hadi zinapoegeshwa bodaboda. Tangu arithi jina ananiita dada, kama inavyompasa mwenye jina hilo. Njia nzima nilidhani amenikasirikia kwa kumharibia. Tulipofika kwenye daraja akasimama.

"Mama mdogo," akasema, "mimi mjomba wangu amekufa, na hakuna hata mmoja aliyenipa pole. Mlinipa hongera."

Mjomba, ni kweli. Ukoo mzima tulipeana pole, yeye tukampa koti. Yule aliyemlipia ufundi, aliyekwenda kumposea mke kwa niaba ya wazee, Eustace hakuruhusiwa kumlilia, maana utamliliaje mtu ambaye ndiye wewe? Nikampa pole palepale barabarani, watu wakipita na mikungu yao. Alilia, baba wa watoto wawili, na mimi nikalia naye. Mwenye bodaboda alijifanya anakagua tairi.

Nikarudi mjini, nikamwandikia mhariri. Sentensi moja ilinishinda siku nzima, mimi niliyemaliza makala ndefu vile. Tangu mwaka jana nimekuwa nikisema katutoka, katangulia, na hata humu utaona nimekwepa. Nikaandika: Anselmi amefariki. Nikaeleza na desturi yetu, kwamba aliyejibu ni mrithi wa jina na si mlaghai.

Mhariri amejibu kiungwana na ametupa pole. Lakini makala ameisimamisha. Anasema jina la Anselmi litabaki kwenye kazi ikiwa mkubwa wa familia ataandika kwamba amefariki na kwamba familia inaridhia itoke. Bila barua hiyo, watamwondoa. Mama yake hataandika. Na kwa desturi yetu mwenye watoto wa dada zako ni wewe.

Najua ninachokuomba. Mguu ulikuzuia kuja kuzika, hukuliona kaburi, na kila ukipiga simu unauliza Anselmi hajambo, tunakujibu hajambo. Hatukudanganyi. Lakini ninayemsemea ni yule aliyepanda milima na mimi, na yule yuko chini ya udongo wa Kinole, na sitaki kazi yake itoke bila yeye. Mimi mwenyewe bado kila asubuhi nikifungua barua nalitafuta jina lile, na naogopa kuliona. Nimechoka kumwogopa mtu niliyempenda.

Andika kwa mkono wako, Mjomba, mistari miwili mitatu inatosha, nami nitaitafsiri na kuituma. Kisha mwandikie na dada yako. Maneno hayo akiyasikia kwangu ni ukorofi wa msomi. Akiyasikia kwa ndugu wa tumbo moja huenda atalia, na tangu matanga yaishe sijamwona akilia. Jina libaki kwa Eustace, sitaki livuliwe. Nataka tu naye aruhusiwe kuwa na mjomba aliyefariki.

Bahasha tupu nimeiweka humu yenye anwani yangu, umpe dereva wa basi. Nisalimie mkaza mjomba na wajukuu wote, hasa Faraja, mwambie vitabu vyake nimeviona na nitavituma. Yuliana anakuamkia. Mama mkubwa hakunipa salamu safari hii, lakini najua anakukumbuka.

Mungu akutie nguvu mguuni na mkononi, na akuweke mpaka tuonane kwa macho.

Eustace naye anakuamkia. Nilimuuliza niandike salamu kwa jina gani. Akasema andika Eustace, mjukuu wake, na umwambie nimefiwa.

Mpwa wako akupendaye,
Winfrida