Naona, Nadhani, Nimejuaje

Chuoni,
3 Februari

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, goti limepoa, na mwanangu Chiriku hakuchoshi kwa maneno yake. Mimi sijambo, ila baridi ya bweni hili inaingia mpaka kwenye mifupa, na mwenzangu wa kitanda cha juu anakoroma kama mashine ya kusaga.

Masomo yameanza kwa kishindo. Mwaka huu wote tunajifunza jambo moja tu: jinsi ya kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza kufikiri. Si kusoma, si kuhesabu, kufikiri. Mkufunzi wetu ametupa kitu kinaitwa Ngazi ya Fikra, chenye vidato vitatu. Mtoto akionyeshwa kitu, kwanza anasema "Naona", yaani kile ambacho macho yanakiona na si zaidi. Kisha "Nadhani", yaani maana anayoipata. Halafu anajiuliza mwenyewe, "Nimejuaje?" Hapo anatoa ushahidi. Ni jambo rahisi, lakini walimu wengi wa zamani hawakulijua, ndiyo maana wametuachia kizazi cha kasuku.

Naomba msaada wako. Kwa kazi yangu ya chuo nahitaji mtoto mmoja wa kumfuatilia, na mtoto niliye naye ni huyo uliye naye. Kila jioni, badala ya ba-be-bi-bo-bu, mpandishe ngazi kwa kitu chochote kilichopo hapo nyumbani, kisha uniandikie alichosema, neno kwa neno. Najua umefundisha darasa la kwanza mpaka ukastaafu, na njia yako ilitosha kwa wakati wake. Usihofu, hii haihitaji elimu kubwa.

Tangu mwanao atutoke, nilichobaki nacho ni Chiriku na kazi hii. Mwambie nitakuja likizo fupi ya katikati ya muhula. Nitakuja bila shaka yoyote.

Mkweo mtiifu.


Nyumbani,
17 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti halijapoa na halina mpango huo. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikatafuta fimbo, nikakumbuka uko mbali.

Haihitaji elimu kubwa! Asante kwa kunihurumia. Huyo mkufunzi wako, nani alimfundisha kuandika jina lake? Alizaliwa analijua? Kuna mwanamke kama mimi alimshika mkono wenye kamasi akaulaza juu ya penseli, akampa ba-be-bi-bo-bu mpaka ikamwingia, na leo amepata tai anakwenda kuwatangazia watu kwamba watoto wanaweza kufikiri. Hongera zake. Mimi nimekaa na watoto wadogo tangu nina meno yangu yote, na sijamwona hata mmoja asiyefikiri. Wasiofikiri nimewaona kwa watu wazima, tena mmoja mwanangu mwenyewe aliniletea nyumbani.

Hata hivyo nimeifanya, usije ukasema kikongwe alikuharibia cheti. Jumatatu nilimwonyesha bomba la uani linalovuja. Akasema, "Naona maji yanadondoka. Nadhani bomba linalia." Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Kwa sababu hakuna mtu anayelinyamazisha, na wewe Bibi umesema fundi ni mwongo." Nikamwambia vizuri, sasa kaa kitako tusome. Akasoma ukurasa mzima bila kukwama, kwa hizo hizo ba-be-bi-bo-bu zangu za kizamani. Hilo nalo liandike kwenye kazi yako, kama kuna kidato chake.

Tena sasa hazuiliki. Jirani alikuja kuazima pasi, akasema hakai, amepita mara moja tu. Chiriku akamtazama akamwambia, "Naona umekaa." Umeridhika? Mtoto wa miaka sita ananigombanisha na watu kwa mpango wa serikali.

Anaisubiri likizo yako kuliko anavyosubiri kula. Usimwangushe.

Mama yako.


Chuoni,
9 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa goti. Mimi mzima. Barua hii nampa dereva wa basi, pamoja na kifurushi cha Chiriku, ifike upesi kuliko posta.

Nimefurahi kwamba umejitahidi, ila kuna kasoro ambazo naomba nizitaje kwa heshima zote. Ukishauliza swali, unatakiwa kunyamaza na kungoja. Wewe unamwahi mtoto. Halafu usimwambie "vizuri", kwa maana mtoto akisifiwa anaanza kufikiri ili akupendeze wewe. Na habari ya kusoma ukurasa haihusiani kabisa na utafiti wangu, tafadhali usiichanganye. Nilipomsomea mkufunzi barua yako alitabasamu, akasema walezi wa aina yako tutakutana nao sana, na dawa yao ni subira.

Sasa pokea habari kubwa. Nimechaguliwa mimi, kati ya darasa zima, kufundisha somo la mfano mbele ya wageni! Nimepewa watoto wa darasa la kwanza wa shule ya jirani. Ni watoto wazuri ajabu, wameshanizoea mpaka wananiita mama. Kwa bahati mbaya wiki ya maandalizi ndiyo hiyo hiyo ya likizo fupi, kwa hiyo sitaweza kuja. Mweleze Chiriku taratibu, ataelewa, ana akili. Nimemtumia viatu vyekundu, rangi anayoipenda, avae akijua mama yake anamkumbuka. Uniandikie atakavyovipandishia ngazi.

Mkweo mtiifu.


Nyumbani,
2 Aprili

Mama Chiriku,

Tuko salama, kama unauliza kwa kutaka kujua.

Dereva wako alisahau kifurushi chini ya kiti, akazunguka nacho. Barua na viatu vimefika likizo ikiwa imekwisha. Kwa hiyo hakuna mtu aliyeelezwa kitu taratibu. Asubuhi ya siku ya kwanza ya likizo uliyoahidi, mwanao alijiogesha mwenyewe, akavaa gauni la bluu, vifungo vimepishana, akaketi mlangoni akiangalia barabara. Kila basi lililosimama, naye alisimama. Chakula alikataa, akasema atakula na wewe. Jua lilipozama nilimbeba ndani akiwa amesinzia, shingo imepinda, na nilikusema kwa maneno ambayo mwalimu mstaafu hapaswi kuyajua.

Kesho yake nikamwambia mama yako anawapenda watoto wa wenzake kuliko wewe. Ndiyo, nilisema hivyo, na nakuandikia mwenyewe kabla hujayasikia kwa mwingine. Nilikuwa na hasira. Nilitaka akuchukie kidogo ili apumzike kukungoja. Akaniangalia kwa macho yale ya baba yake, akaniuliza, "Bibi, umejuaje?" Haya, shangilia, ngazi yako imenifunga domo.

Viatu vilipofika alivijaribu pale pale sakafuni. Kisigino hakikuingia. Akasukuma mpaka jasho likamtoka, akatembea hatua chache kwa ncha za miguu akijifanya vimemkaa. Halafu akavua, akavipanga kimoja kando ya kingine, akaongea. Mimi nilinyamaza kama ulivyoniagiza. Sikumwahi, sikusema vizuri. Alisema hivi:

"Naona viatu ni vidogo. Nadhani Mama anadhani mimi bado ni yule wa zamani. Nimejuaje? Vidole vyangu vinauma."

Neno kwa neno, kama ulivyotaka.

Bibi yake Chiriku.


Chuoni,
20 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo nyote? Mimi mzima, tena nina furaha mpaka chakula hakipiti.

Mama, unajua lakini ulichoniandikia? Chiriku amepanda vidato vyote vitatu bila kuulizwa na mtu! Ameona, ametafsiri, ametoa ushahidi kutoka mwilini mwake mwenyewe! Mkufunzi anasema hajawahi kukutana na mfano safi kama huu kwa mtoto wa miaka sita. Nilipomaliza somo la mfano, nikawasomea wageni maneno yake. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Bwana mmoja kutoka wizarani alisimama akataka niyarudie ayaandike. Sasa wanapanga kuyachapa kwenye bango la kubandikwa madarasani, na nimeombwa muhula ujao nizunguke nalo shule kwa shule. Hata wewe sikukusahau. Nilikutaja kama mfano wa mlezi wa zamani aliyekubali kubadilika, maana safari hii umejua kungoja.

Kuhusu ulichomwambia juu yangu, nimesikitika, lakini nimeamua kukipuuza. Hasira za uzee nazielewa. Ila ujitahidi usimwingizie mtoto majibu, utaharibu matokeo. Viatu mpe mtoto wa jirani.

Kwa sababu ya mzunguko huo, huenda hata likizo ndefu nikachelewa kuja. Endelea kuniandikia anayoyasema, hasa akiwa na huzuni, kwa maana naona hapo ndipo fikra zake zinapokwenda mbali.

Mkweo mwenye furaha.


Nyumbani,
4 Mei

Mama Chiriku,

Salamu zipo, zichukue huko huko.

Nimesahihisha kazi za watoto maisha yangu yote, na sijawahi kupokea kilio cha mtu nikakitia alama. Mtoto amekuambia anaumia, wewe ukatazama kidato. Eti makofi! Watu wazima wenye mikoba wamevipigia makofi vidole vya mwanao vinavyouma, na wewe ukainama kuwashukuru. Na mimi ukanivika kilemba cha ukoka mbele ya watu nisiowajua. Kilemba chako nakirudisha, kivae wewe, kitakupendeza kwenye bango.

Unawafundisha walimu jinsi mtoto anavyofikiri, na huyu mmoja uliyemzaa hujui anavaa kiatu gani. Sijui huko chuoni wanaliitaje jambo hilo. Hapa tunaliita upumbavu, na halipewi cheti.

Sasa nikupe la mwisho, ulipeleke ukumbini ukipenda. Chiriku haulizi tena utakuja lini. Yule aliyekuwa akiongea mpaka kuku wanahama uani, sasa napita chumbani kuangalia kama yumo. Juzi namsuka, nikamwuliza mbona siku hizi huulizi mama yako atakuja lini. Akasema, "Swali hilo nimeshalijibu, Bibi." Hakulia. Nilitamani alie. Mwalimu wake anamsifu, anasema ametulia, amekuwa na adabu. Nilitaka kumzaba kibao huyo mwalimu, na nilimfundisha mimi mwenyewe.

Na jana dukani, mbele ya watu, ameniita Mama. Sikumsahihisha. Ningekuwa mtu mbaya kama unavyonidhani, ningefurahi, kwa maana nimempoteza mwana na hapa napewa mwingine. Nilijaribu kufurahi, ikanishinda. Ukingoja mpaka mzunguko wako uishe, utakuta hapa msichana mwenye heshima zake, atakuamkia na kukuwekea kiti kama anavyowawekea wageni wangu. Basi ujue umeshampoteza.

Barua hii usiijibu. Ukiijibu nitajua umekaa kitako kuandika wakati mabasi yanaondoka.

Bibi yake, kwa sasa.


Kituo cha mabasi,
11 Mei

Mama,

Shikamoo. Umesema nisijibu, na hii siipeleki posta. Nakuandikia hapa kituoni, karatasi nimeiweka juu ya begi, kwa sababu najua nikifika mlangoni ama nitalia ama utanitukana, na yote mawili yatakula muda.

Mengi uliyoniandikia ni haki yangu. Mengine uliyaandika kwa raha zako, usikatae, nakujua. Umenidharau tangu siku mwanao aliponileta, na mimi nimekudharau kwa shikamoo na "Mama mpendwa", na katikati yetu tukamweka mtoto asikilize. Ulitaka nijione takataka. Nimejiona.

Siku ile ukumbini watu walipopiga makofi, na mimi nilipiga. Nilimpigia mwanangu makofi kama mtoto wa mtu mwingine. Halafu ikaja barua yako ya mwisho. Niliisoma nimekaa kitandani, nikafika aliposema swali hilo ameshalijibu, na mkono wangu ukachukua kalamu nyekundu kuyapigia mstari maneno hayo. Nilikuwa natafuta ni kidato gani. Hapo nilijiogopa, Mama. Nilijiogopa mpaka mwenzangu wa juu akashuka kuniuliza kama nimefiwa.

Nimewaambia bango lile wasichapishe. Mkufunzi amesema naitupa nafasi ambayo wenzangu wanaililia, na kwamba naendeshwa na hisia badala ya fikra. Nimemwachia chaki zake mezani. Cheti kikinisubiri, kinisubiri, na kisiponisubiri, yapo madarasa ya kwanza yasiyo na mwalimu karibu na kwenu.

Sijui nitamwambia nini Chiriku. Nimeyajaribu maneno kichwani na yote yanasikika kama somo la mfano. Huenda asinikimbilie. Huenda akaniamkia na kunivutia kiti. Nitaketi hapo atakaponiweka, wala sitamwuliza swali lolote.

Barua hii nakupa kwa mkono wangu. Kama umefika hapa, basi nimesimama mbele yako, begi bado liko begani, na wewe unasoma polepole makusudi. Iache hiyo karatasi, Mama. Niambie yuko chumba gani.

Mama yake.