Marehemu Yuko Hewani

Jumanne. Mvua imeikamata Kariakoo tangu asubuhi, na mimi, mtu nisiyekosa la kusema hata msibani, leo mdomo umekauka.

Nauza kompyuta za mtumba. Samaki mwenyewe ningemuuzia maji, alipe na chenji asidai. Siri yangu ni hii: fundi akitaka kufuta picha na vitu vya mwenye mashine wa zamani, namkatalia. Zile picha ndizo ushahidi wangu. Mteja akitia shaka namfungulia: "Tazama mwenyewe, hii imetoka nje, haijachezewa."

Hii ya sasa ina picha za mzee wa kanzu, ndevu nyeupe. Nikampa utajiri. Nikasema ni bwana mkubwa wa Maskati, ana visima vya mafuta, tumekula sinia moja. Wiki nzima naiwasha, naiunga na intaneti ya simu yangu mteja aone kasi, nasimulia, nazima.

Leo, mteja kasimama, mashine ikaita. Simu ya video. Nikapokea kwa mbwembwe.

Akatokea binti wa ushungi. Akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu, kama anamtafuta mtu.

"Shikamoo. Wewe nani? Mbona uko kwa baba?"

Si Maskati. Ni hapo Mchafukoge, naenda kwa miguu. Akanieleza: baba yao amezikwa, mama yuko eda, kaka mtu kaiuza mashine bila kuwauliza. Na kila nikiiwasha, akaunti ya marehemu inafunguka yenyewe, na kwenye simu ya mama inawaka alama ya kijani kando ya jina la mumewe. Yuko hewani.

"Mama hali chakula, anko. Simu iko mapajani, anangoja. Futa kila kitu, nakuomba."

Mteja akacheka. "Mzee, visima vya mafuta vimehamia Mchafukoge?"

Nyuma ya binti ilitoka sauti nyingine, ya mwanamke mtu mzima, taratibu:

"Mwambie asizime."

Mimi niliyemfukuza simba Pugu kwa kandambili, nikarudisha mkono nyuma.

Sikufuta. Si vyangu kufuta, wala havikuwa vyangu kuonyesha. Mashine nimeifunga kwenye taulo, kesho naipeleka, waamue wenyewe. Nitasema nini mlangoni? Hadithi ninazo tele. Ya kuwapa hao sina.

Lakini kabla ya kuifunga ilibidi niizime.

Huko Mchafukoge alama imepotea. Mama wa watu amefiwa mara ya pili, na kidole kilichobonyeza ni hiki changu.